Jua la Adhuhuri, Dizeli ya Magharibi

Bara ya Malindi, kule Langobaya, zaidi ya paneli 157,000 za sola zimepangwa mistari kwa mistari kwenye ardhi kavu. Mtambo huo ulianza kuiuzia Kenya Power umeme Desemba 2021 kwa mkataba wa miaka 20, na huingiza hadi megawati 40 kwenye gridi. Pwani ikitajwa kwenye mazungumzo ya nishati safi, mfano wa kwanza ni huo, na kwa haki. Lakini kuna swali ambalo wingi wa paneli haulijibu. Saa sita mchana, mtambo ule ukiwa umepamba moto, ni moshi upi unaozimika, na unazimika wapi?

Msomaji atasema huo ni ukorofi tu, sola ni sola. Ingekuwa hivyo kama tungekuwa nchi inayochoma makaa ya mawe usiku na mchana, ambako kila uniti ya jua inayoingia inasukuma nje uniti ya makaa. Kenya haiko hivyo. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu tayari hautokani na mafuta: karibu nusu ni jotoardhi la Olkaria, kisha maji ya mto Tana, upepo wa Turkana, na sola kidogo. Saa sita mchana, uniti ya Langobaya inaweza kuwa imechukua nafasi ya mvuke wa Olkaria, ambao hauna moshi wa kuzima. Inaweza kuwa imeruhusu maji yabaki bwawani Masinga, na hapo kuna faida, kwa sababu maji hayo yatafunguliwa jioni. Na inaweza, siku nyingine, kuwa imepunguza mafuta mazito yanayochomwa Rabai na Kipevu. Ni uniti ileile, yenye bei ileile, lakini faida kwa hewa inatofautiana mno, na mkataba unaoilipia hauulizi ni ipi kati ya hizo.

Hapo ndipo penye shina la makala hii. Tumejenga sera ya nishati safi inayolipia uniti bila kuangalia saa wala mahali, katika nchi ambayo tatizo lake la moshi lina saa maalumu na mahali maalumu.

Saa zenyewe kila mwenye nyumba anazijua. Jua likishatua, taa zinawashwa, televisheni, pasi, viyoyozi vya hoteli za Malindi na Watamu, friza za samaki, vyote kwa pamoja. Kati ya saa moja na saa nne usiku ndipo mahitaji ya nchi yanapofika kileleni, na mwaka 2025 kilele hicho kilivuka megawati 2,300. Langobaya wakati huo imelala. Kinachoitwa kujaza pengo ni maji, umeme wa Ethiopia tunaonunua tangu 2022, na mitambo ya mafuta. Ikifika usiku wa manane mambo yanageuka: mahitaji yanashuka mno, upepo wa Turkana unavuma kwa nguvu zake zote kwa sababu kule upepo ni wa usiku, na Olkaria inabidi mvuke uachiliwe upotelee hewani. Basi katika siku hiyohiyo moja tunamwaga nishati safi na tunachoma mafuta. Saa chache tu ndizo zinazotenganisha mambo hayo mawili.

Na mahali? Pwani iko mwisho wa waya. Mvuke uko Bonde la Ufa, maji yako Tana ya juu, upepo uko Loiyangalani. Umeme ukisafirishwa mamia ya kilomita kuja Mombasa nguvu yake hulegea, na kwa muda mrefu mitambo ya mafuta ya pwani imewashwa si kwa sababu nchi imepungukiwa megawati, bali ili volteji ya huku isianguke. Rabai ina megawati 90 na Kipevu III megawati 120, zote mafuta mazito. Kwa hiyo megawati moja safi iliyoko Malindi, jioni, ina thamani kubwa kwa hewa kuliko megawati hiyohiyo iliyoko Eldoret adhuhuri. Hilo halihitaji shahada kulielewa. Hata hivyo hakuna mkataba uliowahi kulipa tofauti hiyo.

Tuangalie sera yenyewe ilivyozaa mambo haya. Mwaka 2008 serikali ilianzisha utaratibu wa bei iliyopangwa: ukijenga mtambo wa nishati jadidifu, unajua mapema utauza uniti kwa kiasi gani. Bei zilirekebishwa 2010 na tena 2012. Toleo la 2012 liliweka senti 12 za dola kwa uniti ya sola ya kwenye gridi, kwa mtambo usiozidi megawati 40. Ndiyo maana Langobaya ni megawati 40. Ndiyo maana mitambo mikubwa ya sola ya Uasin Gishu nayo ni megawati 40, mmoja baada ya mwingine. Hakuna mhandisi aliyekaa akapima mahitaji ya Malindi na ya Eldoret akakuta yanalingana kiajabu. Jedwali la bei ndilo lililochora mitambo, na wawekezaji, watu wasiopenda kuacha pesa mezani, wakajaza jedwali hadi ukingoni.

Wakati huohuo Garissa, mtambo wa serikali wa megawati 50 uliojengwa kwa mkopo wa Uchina, ulikubali kuuza kwa takriban senti 5.4. Si haki kuulinganisha moja kwa moja na mtambo wa mwekezaji binafsi anayekopa kwa riba ya kibiashara, lakini Zambia mwaka 2016 ilipofanya mnada wa wazi, ambao anayetaka bei ndogo ndiye anayeshinda, wawekezaji binafsi walishuka hadi senti 6 hivi. Nairobi ililiona hilo. Mwaka 2021 ikatoka sera mpya: sola na upepo vipatikane kwa mnada, bei iliyopangwa ibakie kwa mitambo midogo ya maji, biogesi na mabaki ya mimea. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila miaka ikapita bila mnada kuitishwa.

Mnada ukija, na utakuja tu, hofu yangu ni kwamba tutashangilia bei ndogo na kusahau kuuliza bei ya nini. Anayeshinda mnada wa uniti ya bei rahisi ni yule mwenye jua kali na ardhi ya bure, basi. Ataleta umeme mwingi saa sita mchana, yaani saa ambayo hatuna shida. Tangazo la mnada likisema tunanunua megawati 40 zipatikane saa moja hadi saa nne usiku, ziingie kwenye gridi huku pwani, basi mwekezaji mwenyewe ataamua kama ni paneli na betri, ni upepo, au ni vyote. Bei kwa uniti itakuwa juu. Lakini linganisha na mafuta mazito yanayochomwa saa hiyo, usilinganishe na jua la adhuhuri.

Hapa upepo wa Lamu unastahili kuangaliwa upya. Sehemu ya bara iitwayo Baharini, karibu na Mpeketoni, kuna mpango wa zaidi ya miaka kumi wa kujenga mashine za upepo za megawati 90. Mvuvi yeyote wa Lamu atakwambia kusi hailingani na kaskazi, na kwamba upepo wa baharini hushika alasiri na kuendelea jua likizama. Upepo wa Turkana unakuja usiku wakati mvuke tayari umezidi. Wa pwani una nafasi ya kukutana na kilele. Kama sera ingelipia saa, Baharini ingekuwa mali tofauti kabisa machoni pa benki. Badala yake bei ya upepo ilikuwa moja, senti 11, uwe umevuma saa nane za usiku Marsabit au magharibi Lamu.

Na bei hiyo moja ilileta balaa jingine, ambalo watu wa Mpeketoni wanalijua kuliko sisi waandishi. Bei ikishatangazwa, kinachobakia ni kuwahi ardhi. Kampuni mbili zilivutana juu ya sehemu hiyohiyo, wakulima wakajikuta katikati na madai ya fidia, na miaka ikaliwa na mabishano ya mipaka. Mnada wenye akili hutenga ardhi kwanza, humaliza fidia kwanza, ndipo huita wawekezaji washindanie bei. Serikali ikimwachia mwekezaji kazi ya kutafuta ardhi katika kaunti ambayo hati za ardhi ni kidonda cha tangu uhuru, gharama ya mgogoro huo itarudi kwenye bili.

Sasa tuje kwenye makaa ya mawe, maana huwezi kuandika habari za umeme ukiwa Lamu ukaruka Kwasasi. Mtambo uliopangwa pale ulikuwa wa megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, 2016, Baraza la Kitaifa la Mazingira likaifuta Juni 2019, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikatupilia mbali rufaa ya kampuni. Walioupinga mradi huo, Save Lamu na wenzao, walishinda kwa hoja za ushirikishwaji wa umma na tathmini ya mazingira iliyokuwa na mapengo. Ni hoja halali. Ila mimi hunitia wasiwasi kwamba mradi ule ulizuiwa na mahakama, haukuzuiwa na soko la umeme. Soko lilikuwa limeshaukubali.

Ulikubaliwaje? Mwaka 2013 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza megawati zaidi ya 5,000 ndani ya miezi 40. Makadirio ya mahitaji yakapandishwa kulingana na ndoto za reli, bandari na viwanda. Hadi 2019 kilele halisi cha nchi nzima kilikuwa karibu megawati 1,900. Mtambo mmoja wa Kwasasi ungekuwa zaidi ya nusu ya hapo. Na mkataba wake ulibeba malipo ya utayari: Kenya Power ingelipa mtambo kuwepo, uzalishe usizalishe, kama mtu aliyekodi jahazi mwaka mzima likawa linalala gatini na nahodha anadai chake. IEEFA, taasisi inayochunguza fedha za miradi ya nishati, ilikadiria mwaka 2019 kwamba malipo hayo yangefika angalau dola milioni 360 kwa mwaka, kwa miaka 25.

Fikiria hapo athari yake kwa hewa. Ukishalipia mtambo dola milioni 360 uwepo tu, gharama inayobaki ni ya makaa yenyewe, na mhasibu yeyote atasema tuuwashe, si tumeshaulipia? Jotoardhi lingesukumwa pembeni, mvuke zaidi ungeachiliwa hewani, na hakuna sola wala upepo mpya ungepata nafasi hadi katikati ya karne. Mkataba ungetoa moshi kabla ya bomba la moshi kujengwa. Ndiyo maana nawaambia vijana wetu wanaharakati wa mazingira: jifunzeni kusoma mikataba ya kununua umeme kama mnavyosoma ripoti za mikoko na samaki. Vipengele vya malipo ndivyo vinavyoamua nini kitawashwa.

Upepo nao haukusalimika na kosa la namna hiyo. Mradi wa Turkana, megawati 310 na mashine 365, ulikamilika kabla ya waya wa kilomita 428 wa kuuleta umeme Suswa kuwa tayari. Adhabu ya ucheleweshaji ikatajwa kuwa shilingi bilioni 5.7, na mwenye kuilipa hatimaye ni mnunuzi wa tokeni. Nishati safi isiyo na waya ni mapambo ya gharama kubwa.

Wapo watakaosema dawa ni moja: tuitoze kaboni bei, kama walivyofanya Uingereza. Uingereza mwaka 2012 ilipata karibu asilimia 40 ya umeme wake kutokana na makaa. Ikaongeza tozo yake yenyewe juu ya bei ya kaboni ya Ulaya, pauni 18 kwa tani, makaa yakawa ghali kuliko gesi, na mtambo wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, ukazimwa 30 Septemba 2024. Ni ushindi mkubwa wa sera kupitia soko. Lakini ulifanya kazi kwa sababu kulikuwa na ushindani kati ya makaa na gesi kila nusu saa, na tozo ikageuza nani atangulie. Kwetu mafuta mazito tayari ni ya mwisho kwenye foleni, tayari ni ghali kupita kila kitu. Yanawashwa kwa sababu saa ile, mahali pale, hakuna kingine. Yatoze kaboni, yatawashwa vilevile, na tozo itaingia kwenye simu yako.

Nasema kwenye simu kwa maana halisi. Ukinunua tokeni, ujumbe ukiingia, angalia mistari ya chini. Kuna gharama ya mafuta, kuna tofauti ya fedha za kigeni, kuna tozo ya kusambaza umeme vijijini, kuna kodi ya asilimia 16. Watu wengi huishia kwenye namba 20 za tokeni, wanazibofya, taa inawaka, basi. Mstari wa gharama ya mafuta ndio wa kukaa nao. EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, huutangaza kila mwezi, na unachosema ni kwamba kiasi chochote cha mafuta kilichochomwa, kwa bei yoyote, kinahamishiwa kwa mteja. Mwenye mtambo halipi, Kenya Power hailipi. Mtu ambaye gharama yake inalipwa na mwingine hana haraka ya kuipunguza, na sisemi hivi kumlaumu mtu, ndivyo utaratibu ulivyoandikwa.

Mfano ulio karibu na sisi ni visiwa. Lamu mjini iliungwa na gridi ya taifa kwa njia ya Rabai, Malindi na Garsen, na tangu hapo zile jenereta za zamani zikapungua sauti. Lakini Faza, kisiwani Pate, na Kiunga, kule mpakani, ni miongoni mwa vituo ambavyo viliwekewa jenereta za dizeli nje ya gridi. Dizeli ya Pate husafiri barabara ndefu, kisha hupakiwa chomboni na kuvuka maji, kisha huchomwa ili wavuvi wapate barafu. Uniti hiyo ni miongoni mwa zilizo ghali kabisa Kenya, wala hakuna pahali ambapo paneli na betri zingezima moshi kwa uhakika zaidi, kwa sababu hapo hakuna mvuke wala maji ya kubahatisha: kila uniti ya jua inaondoa dizeli, adhuhuri na usiku. Gharama ya mafuta hayo imesambazwa kwa wateja wa nchi nzima, jambo la haki kwa mtu wa Faza, asilipe zaidi kwa kuzaliwa kisiwani. Ubaya ni kwamba dizeli inarudishwa yote bila maswali, ilhali betri lazima iombewe bajeti, mkopo na idhini. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 150 mwaka 2017 kwa umeme wa sola nje ya gridi katika kaunti 14, Lamu na Kilifi zikiwemo. Mradi ni mradi, huisha. Kanuni ya kurudisha gharama haiishi.

Ningependa kuona EPRA ikiiandika upya hivi: kila kituo cha dizeli kinapewa kiasi cha mafuta kwa mwaka, kinachopungua mwaka hadi mwaka, kikichoma chini ya hapo kwa kuweka jua na betri, sehemu ya akiba ibaki kwa mwendeshaji, kikizidi, ziada isihamishiwe yote kwa mteja. Nchi kadhaa huwabana wasambazaji wao kwa njia inayofanana na hiyo kuhusu upotevu wa umeme kwenye waya, na EPRA yenyewe tayari huweka kikomo cha upotevu kinachoruhusiwa kutozwa mteja. Basi mafuta nayo yawekewe kikomo.

Upande wa mteja nao umesahauliwa. Mashine za maji za Baricho, mto Sabaki, si mbali na zile paneli za Langobaya. Zinasukuma maji hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, na bili ya stima ni mzigo unaojulikana. Kusukuma maji ni kazi inayoweza kusubiri saa chache ukiwa na matangi ya kutosha. Kwa mantiki ya kawaida mashine zingekimbia sana adhuhuri, jua la jirani likiwa tele, na kupumzika saa ya Magharibi hadi baada ya Isha. Lakini bei nafuu ya saa maalumu, iliyoanzishwa Desemba 2017 kwa wafanyabiashara na viwanda, siku za kazi huanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Iliundwa kwa ajili ya mvuke wa usiku, na ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Adhuhuri haina bei yake. Viwanda vya barafu, vyumba baridi vya samaki, mashine za kusafisha maji ya chumvi, vyote vingehama saa kama bei ingewaita.

Hata mwenye paneli juu ya dari hapewi ishara. Kanuni za 2024 zinamruhusu kuingiza ziada yake kwenye gridi, mwisho megawati moja, na kwa kila uniti anayotoa hurudishiwa nusu uniti. Nusu hiyo ni ileile awe ametoa saa sita mchana, au awe na betri akatoa saa mbili usiku wakati Rabai inanguruma. Mwenye hoteli Shela akiamua kununua betri, anainunua kwa sababu ya kukatikakatika kwa stima tu. Gridi haimlipi kwa wema huo.

Bei za umeme zilizoidhinishwa 2023 zilipangiwa kipindi cha miaka mitatu, na kila kipindi kikiisha EPRA hutakiwa kusikiliza umma kabla ya kuidhinisha zinazofuata. Huku kwetu vikao hivyo huishia kwenye malalamiko ya bei, na bei kweli inauma. Safari ijayo mwenyekiti wa kikao aulizwe pia jedwali moja: kwa kila saa ya siku, katika mwaka uliopita, Rabai na Kipevu zilichoma kiasi gani, na kwa sababu gani, ukosefu wa megawati au volteji? Takwimu hizo zipo, msimamizi wa gridi hawezi kuendesha mitambo bila kuziandika. Zikiwekwa wazi, mwekezaji wa Baharini atajua anauza nini, na hakutakuwa na haja ya mtu kubuni namba 40 tena.